Q na X za Nini?

Nimechoka na sentensi moja. Inasema hivi: "Hayo ni mambo ya wataalamu, sisi waandishi tubaki na fasihi yetu." Nimeisikia Bukoba mjini, nimeisikia Dar kwenye kikao cha vijana waandishi, nimeisikia hata hapa kwetu Mabira kwenye benchi la duka, tena ikitoka kwa mtu mwenye simu mbili mkononi. Safari hii nitaijibu. Na nitaijibu kwa mfano ambao wengi wenu mtadhani ndio ulio mbali na fasihi kuliko yote: mashine zinazounganisha ubongo wa binadamu na kompyuta, na programu huria zinazoziendesha mashine hizo.

Usicheke kwanza. Najua nilivyo. Nimeishia kidato cha nne, nina riwaya moja kwenye madaftari manne ambayo hakuna mchapishaji aliyenijibu, na naishi kata ambayo hadi 2012 ilikuwa Karagwe, wilaya ilipogawanywa tukajikuta tuko Kyerwa. Kahawa upande huu, migomba upande ule, na mbele kabisa mto Kagera na Uganda. Mtu kama mimi anatakiwa aandike juu ya mahari na ulevi wa rubisi. Nimeshaandika. Leo naandika hili.

Tuanze na mashine yenyewe, maana haifai kugombana juu ya kitu usichokijua (ingawa kwenye vijiwe vyetu hilo halijawahi kumzuia mtu).

Ubongo unapofanya kazi hutoa umeme, mdogo sana. Daktari wa Kijerumani, Hans Berger, aliurekodi kutoka kichwani mwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 mjini Jena, na hakuutangaza mpaka 1929. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akaandika akiuliza: umeme huu hauwezi kuiamuru kompyuta? Kisha mwaka 1988 watafiti wawili wa huko huko Marekani, Farwell na Donchin, wakatoa kitu ambacho nilipokisoma niliiweka simu chini nikatoka nje kupunga upepo. Mashine ya kuandika kwa ubongo. Haitaki kalamu, haitaki kidole, haitaki ulimi.

Inafanya hivi. Kwenye kioo cha kompyuta kuna jedwali la mistari sita na safu sita, yaani visanduku 36, na kila kisanduku kina herufi. Mtu amevalishwa kofia yenye vipande vya chuma vinavyogusa ngozi ya kichwa. Anaikazia akili herufi moja, tuseme M. Mistari na safu zinamulika kwa zamu, chapuchapu, bila mpangilio. Kila mwanga unapoipiga ile M anayoisubiri, ubongo unashtuka kidogo, na karibu theluthi moja ya sekunde baadaye linatokea wimbi. Kompyuta inalisaka wimbi hilo. Ni mstari upi uliolizaa? Ni safu ipi? Pale vinapokatana ndipo ilipo M. Mwaka ule 1988 kasi yake ilikuwa herufi 2.3 kwa dakika. Kinyonga, ndiyo. Lakini mwaka 1999 huko Tübingen, Ujerumani, kundi la Niels Birbaumer lilitangaza kwamba wagonjwa waliopooza mwili mzima wameandika barua kwa kutumia mawimbi ya ubongo, kwa njia inayotofautiana na hiyo. Mtu ambaye hata kidole kinamshinda, anaandika barua.

Siku hizi mambo yamekimbia. Kwa vyuma vidogo vilivyopandikizwa ndani ya ubongo wenyewe, watafiti wa Stanford walifikia herufi 90 kwa dakika mwaka 2021, na mwaka 2023 wakafikia maneno 62 kwa dakika, kutoka kwa mwanamke ambaye maradhi ya neva yalikuwa yamemnyang'anya usemi. Nimewataja hao wa Stanford si kwa kuwashangilia. Nitawarudia baadaye, kuna jambo la maneno hapo.

Sasa sikia linaloniwasha. Sehemu kubwa ya programu za utafiti huu haikufungiwa kabatini. BCI2000, iliyoanzia Albany katika jimbo la New York chini ya Gerwin Schalk, msimbo wake leo uko wazi kwa leseni ya GPL. OpenViBE ya taasisi ya INRIA, Ufaransa, nayo iko wazi, na ndani yake kuna hiyo hiyo mashine ya kuandika kwa jedwali. EEGLAB ya San Diego, MNE-Python, zote wazi. Hata bodi za kupokea mawimbi zipo ambazo michoro yake imewekwa hadharani, kama za OpenBCI walioanzia Brooklyn kwa kuchangisha fedha za watu mwishoni mwa 2013.

Wazi maana yake nini? Hapa ndipo vijana wengi tunapoteleza. Sisi tukisikia "huria" tunasikia "bure". Tumezoea kwenda kwenye kibanda cha steshenari, unatoa flashi, jamaa anakuwekea programu ya wizi kwa bei ya soda, umemaliza. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna nyingine ambayo ni ya bure kihalali, unamwona hana jipya. Lakini leseni hizi hazizungumzii bei. Zinasema: itumie kwa kazi yoyote, fungua uone inavyofanya kazi, ibadilishe upendavyo, mpe mwenzako hata ile uliyoibadilisha. Hilo la tatu ndilo la kwetu. Ibadilishe. Ukitaka izungumze Kiswahili, huombi ruhusa ya mtu, hupigi magoti kwenye ofisi ya mtu, hungoji mfadhili.

Linganisha na upande wa pili. Neuralink ya Elon Musk, iliyoanzishwa 2016, ilipandikiza chombo chake kwa binadamu wa kwanza Januari 2024, na dunia nzima ikapiga makofi. Lakini kilichomo ndani ni mali ya kampuni. Lugha zipi ziingie, lini, kwa bei gani, ni uamuzi wa kampuni. Na kampuni huyumba. Second Sight ya Marekani iliwapandikizia watu zaidi ya 350 chombo cha kuwasaidia kuona. Kufikia mwaka 2020 fedha zilipokauka, watu wale wakabaki na chuma ndani ya jicho ambacho hakuna tena fundi wa kukiangalia. Huyo ni kipofu wa nchi tajiri. Wewe wa Kyerwa nani atakupigia simu?

Basi mlango uko wazi, na sisi tumekaa nje tukisema chumba si chetu. Ndiyo hasira yangu yote hiyo.

Turudi kwenye lile jedwali la visanduku 36. Mpangilio uliozoeleka una herufi 26 za Kiingereza, tarakimu kuanzia 1 hadi 9, na kisanduku kimoja cha nafasi. Umehesabu? Humo ndani wamo Q na X. Jamani, Q na X za nini? Niambie neno moja la Kiswahili sanifu lenye Q. Kila mmuliko unakula muda, na muda wa mgonjwa ni nguvu yake. Anachoka kama mtu aliyelima. Sisi tunampa mgonjwa wetu visanduku viwili vya kumulika bure kabisa, kwa sababu tu aliyepanga jedwali hakuwa Mswahili. Wala simlaumu. Alipanga kwa lugha ya mama yake. Nauliza sisi tuko wapi.

Na hiyo ni rahisi. Ngumu iko kwenye maneno. Mashine hizi haziamini wimbi peke yake, maana wimbi lina kelele. Zinasaidiwa na ujuzi wa lugha: ukishaandika herufi tatu, kompyuta inakisia neno linalofuata ili usilimalize kwa jasho. Wale wa Stanford niliosema nitawarudia, mashine yao ya mwaka 2023 ilikuwa na akiba ya maneno 125,000 ya Kiingereza ya kukisia kutoka humo. Kwa Kiingereza inatosha na kubaki. Kitenzi chao cha kuandika kina maumbo matano tu, umemaliza. Cha kwetu? Ameandika, hakuandika, tutawaandikia, wasingeniandikia, aliyekiandika, hatujaandikiana. Chukua viambishi kumi tu vya mtenda, nyakati nane, na viambishi kumi vya mtendwa: kumi mara nane mara kumi, maumbo 800, na hapo hujagusa -ia, -wa, -ana wala -isha. Vitenzi 156 vya namna hiyo na ile akiba ya maneno 125,000 imejaa pomoni, huna nafasi ya "mama" wala "maji".

Maana yake, huwezi kuichukua mashine ya Kiingereza ukabandika orodha ya maneno ya Kiswahili, ukaondoka. Inabidi mtu aketi aieleze lugha inavyojengwa: nini hutangulia nini, nini hakiwezi kukaa na nini. Na ni nani anayejua hayo? Mhandisi wa Albany? Daktari wa Tübingen? Anayejua ni mtu anayeshinda usiku akifuta na kuandika upya sentensi moja mpaka ikae. Mwandishi. Wewe uliyenisomea juzi sura ya nane ya riwaya yako ukalalamika kwamba "alimwendea" na "alimwelekea" si kitu kimoja. Utaalamu ndio huo, mwanangu, hata kama hakuna chuo kilichokupa cheti.

Sasa niseme la nyumbani, maana sikuja kwenye mashine hizi kwa kupenda mashine.

Baba mdogo wangu alikuwa karani wa kupima kahawa kwenye chama cha msingi kwa miaka mingi. Mtu wa maneno. Akikusimulia safari ya kwenda mnadani utafikiri amezunguka dunia. Mwaka 2020 kiharusi kikamlaza. Kikachukua mikono, miguu na ulimi. Kikaacha macho na nyusi, na kikaacha akili yote, hilo tulilijua kwa jinsi macho yalivyocheka pale watoto walipokosea hesabu. Hospitalini walituambia tumrudishe nyumbani tukamuuguze. Basi.

Nilikuwa nimesoma juu ya Mfaransa mmoja, Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida, aliyepatwa na kiharusi Desemba 1995 akabaki na kope ya jicho la kushoto. Mtu alimtajia herufi zikiwa zimepangwa kwa wingi wa matumizi yake katika Kifaransa, naye akapepesa kope kwenye ile anayoitaka. Kwa njia hiyo alitunga kitabu kizima. Kilitoka Machi 1997, naye akafa siku chache baadaye. Nikajiambia, Baba Mdogo hatangoji kofia ya Marekani. Nikachukua kurasa ishirini za riwaya yangu ambayo hakuna anayeitaka, nikahesabu herufi moja moja kwa vijiti, kama karani wa uchaguzi. A ikaziacha zote mbali. I ikafuata. Nyuma yake N, U na K zikagombana. Nikakata boksi la sabuni, nikaziandika kwa mpangilio huo, mistari mitano. Q na X sikuziweka.

Namuuliza: mstari wa kwanza? Wa pili? Akiinua nyusi, nahesabu herufi. Siku ya tatu alinipa sentensi yake ya kwanza baada ya miezi miwili ya ububu. Ilituchukua karibu robo saa. Ilisema: UJI UNA MOSHI.

Miezi miwili tulikuwa tunamlisha uji wenye moshi, na kila siku tunamsifu kwamba leo amemaliza kikombe.

Baada ya hapo aliongea mengi. Nani anadaiwa, kibanja cha bibi kinaishia kwenye mti gani, mkimuuza yule ng'ombe msimuuze kwa fulani. Lakini kuna jioni moja, mwanzoni mwa 2021, alianza na O. Nikashangaa, maneno machache ya Kiswahili huanza na O. Ikaja M. Ikaja U. Nikaelewa: ameacha Kiswahili, anasema Kinyambo. Kwetu jina karibu zima la kitu au mtu huanza na irabu: omuntu, abantu, omwana, enju. Ikaja K. O-M-U-K. Kisha akafumba macho, amechoka. Asubuhi nikamtajia: omukazi? Omukama? Omukono? Nyusi hazikuinuka tena. Siku ya pili yake alfajiri akafa.

Mwanamke, Bwana Mungu, au mkono? Bado nauliza.

Ndiyo maana nikisikia "mambo ya wataalamu" damu inachemka. Kilichokosekana pale si umeme. Kilichokosekana ni orodha ya maneno ya Kinyambo yanayoanza na OMUK, yamepangwa kwa wingi wa matumizi, yamebandikwa pembeni mwa boksi. Angebaki na hatua moja tu, aniinulie nyusi kwenye moja. Orodha hiyo ikiwepo, inatumika kwenye boksi la sabuni, inatumika kwenye simu ya tochi, inatumika kwenye kofia ya BCI2000. Kazi ya lugha ni ile ile moja. Kwa hiyo anayeniambia "kofia za ubongo zitafika lini Mabira?" ananijibu swali ambalo sikuuliza. Zitafika au hazitafika. Bodi peke yake ni mamia ya dola, najua, sijaota. Lakini siku itakapofika, kwa hospitali ya misheni au kwa mjukuu anayesoma nje, itakuta nini? Itakuta kazi imefanyika, au itamwambia mzee wetu aseme kwa Kiingereza au anyamaze?

Kuna wanaosema Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Hao ningewapeleka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004. Desemba ya mwaka huo ilitoka Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na watu wa chuo hicho wakishirikiana na Waswidi wa IT+46. Watu waliketi wakachagua neno moja moja, wakabishana, wakaamua. Iliwezekana miaka zaidi ya ishirini iliyopita, wakati intaneti ya kijijini ilikuwa hadithi. Tena iliwezekana kwa sababu programu ile ilikuwa huria, yaani hakukuwa na mwenye nyumba wa kuombwa funguo. Lakini sijakutana na kijana hata mmoja anayeitumia leo. Programu ni kama mgomba: kila msimu hutoa chipukizi, usipoupalilia miaka miwili unarudi porini. Kufasiri mara moja na kupiga picha ya uzinduzi hakutoshi. Na wapaliliaji tulitakiwa tuwe sisi, si Waswidi.

Wengine wanasema utafiti wa ubongo wenyewe hauwezi kufanyika huku. Ng'ambo tu hapo. Vuka Kagera pale Murongo, uingie Kikagati, upite Mbarara, ufike Ishaka. Hapo, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kundi liitwalo TReND katika Afrika lilianza mwaka 2011 kuendesha kozi za mishipa ya fahamu kwa wanasayansi wa Kiafrika. Walijifunzia kwa nini? Kwa nzi wadogo wa matunda, hao hao wanaocheza juu ya ndizi mbivu na mtungi wa rubisi. Na mwaka 2015 baadhi ya waanzilishi wake, akiwemo Tom Baden, walichapisha makala wakieleza jinsi vifaa vya maabara vinavyoweza kuchongwa kwa mashine za kuchapa vitu na michoro yake kugawiwa wazi. Ishaka! Watu wa huku huenda upande ule kwenye misiba na harusi. Sisi tunadhani sayansi ya ubongo iko kwenye mwezi.

Na kuna lile la kijiweni, kwamba kofia za kusoma mawazo ni Freemason. Hilo nitalijibu haraka: mashine hii haisomi siri zako. Inatafuta wimbi la mshtuko mtu anapoona herufi anayoisubiri. Ukiikataa kuikazia akili, inaambulia patupu. Ila hofu yenyewe si ya kipumbavu moja kwa moja. Kama kuna kitu kitakaa kichwani mwa mtu na kurekodi umeme wake, basi ni haki yake, au ya mtoto wake anayejua kompyuta, kufungua na kuona kinarekodi nini na kinapeleka wapi. Kwa programu iliyofungwa unaambiwa uamini. Kwa programu huria unaweza kukagua. Anayeogopa Freemason ndiye angekuwa wa kwanza kudai msimbo uwe wazi.

Nimebaki na nyinyi washikaji, waandishi. Tarehe 7 Julai kila mwaka, tangu UNESCO ilipotangaza siku ya Kiswahili mwaka 2021, tunavaa vitenge tunakariri mashairi kwamba lugha yetu ni bahari haikauki. Sawa. Bahari isiyo na mtumbwi humvusha nani? Mnamjua Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kwenye ziwa letu hili. Alimaliza riwaya yake mwaka 1945 kwa Kikerewe, lugha iliyo ndugu wa damu wa Kinyambo na Kihaya. Hakupata wa kuichapa. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka 1980, naye akafa 1981. Miaka 35 maneno yake yalikaa ndani kwa sababu mashine za uchapaji hazikuwa na haja na lugha yake. Tunamlilia Kitereza kwenye kila semina. Halafu inakuja mashine nyingine ya maneno, safari hii milango wazi, leseni mkononi, na sisi hao hao tunasema tubaki na fasihi yetu. Hiyo fasihi itatoka kwa nani siku ulimi wako ukifa? Au wewe umeahidiwa kwamba kiharusi hakipigi watunzi?

Basi nataja kazi, ili asiwepo wa kusema nimepayuka tu. Anayejua kuhesabu ahesabu herufi na silabi katika maandishi ya aina nyingi, ya magazeti na ya mazungumzo pia, maana mgonjwa haongei kama hotuba. Anayeishi na wazee akusanye maneno ya lugha ya kwao, Kinyambo, Kihaya, Kisukuma, yoyote, ayaandike yanavyosemwa. Anayejua kompyuta kidogo afuate nyayo za Masakhane, vijana wa Kiafrika ambao tangu 2019 wanazifundisha kompyuta lugha zetu kwa kazi ya wazi. Na wote tufikirie lile jedwali.

Mimi nimelifikiria. Mnakumbuka chati ya darasa la kwanza iliyobandikwa ukutani? Juu a, e, i, o, u. Chini yake ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, da de di do du. Iangalie vizuri: hilo tayari ni jedwali la mistari na safu! Mstari ni konsonanti, safu ni irabu. Mwanga ukiupata mstari wa M na safu ya O, mtu amepata MO kwa mkupuo mmoja. "Uji una moshi", herufi kumi na moja, inakuwa silabi sita: u, ji, u, na, mo, shi. Kiingereza kitahangaika sana na ujanja huo kwa sababu konsonanti zao zinarundikana. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Mistari itakuwa mingi kuliko sita, kwa hiyo mimuliko itaongezeka, na lazima ipimwe kama faida inazidi hasara. Ipimwe, ndiyo. Katika BCI2000 jedwali hilo ni kigezo tu katika faili la vigezo, maandishi matupu, unafungua, unafuta, unaandika lako. Sihitaji digrii kufuta Q.

Kitu kimoja kinanisumbua, ni mstari wa ng'. Tuuweke juu karibu na ng au tuushushe chini kabisa? Mimi nasema chini, kwa Kiswahili hautumiki sana. Anayebisha alete hesabu yake.